Udongo, Majani na Maji ya Mumbuni

Watu wengi wakitaja shamba hufikiri juu ya eka walizo nazo, na mpaka wa shamba kwao ni ule ua wa mikonge au minyaa uliopandwa na baba zao. Maji hayajui mpaka huo. Tone la mvua likianguka juu ya vilima vya Iveti, na udongo ukilikataa, litateremka Mumbuni likipita shamba la mtu, na la ndugu yake, na la jirani asiyesemezana naye, hata lifike kijitoni. Kutoka hapo litaingia Mto Athi, na Athi ukiisha kukutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na mwisho Sabaki, nao humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Katika safari hiyo ndefu maji hufanya ama kazi ya kujenga ama kazi ya kubomoa, na linaloamua si wingi wa mvua peke yake. Ni majani yaliyoifunika ardhi, na udongo ulio chini ya majani, na lile bonde lenye majimaji lililoko mwisho wa mteremko. Vitu hivi vitatu hushikana kama jamaa wa nyumba moja: mmoja akiugua, wengine hukosa usingizi.

Udongo wa Mumbuni, kama ulivyo udongo wa vilima vingi vya Ukambani, ni mwekundu, nao umetokana na mawe ya kale sana yaliyolika kwa jua na mvua muda wa miaka isiyohesabika. Una mchanga mwingi na ufinyanzi kiasi, lakini mboji yake ni haba, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Mboji ndiyo gundi inayoshikanisha chembe za udongo zikawa mabonge madogo madogo, na kati ya bonge na bonge huwamo nafasi za kupitisha maji na hewa. Udongo uliopungukiwa na gundi hiyo ukipigwa na matone makubwa ya mvua, mabonge huvunjika, chembe ndogo huziba nafasi, na jua likitoka juu yake hufanyika gamba gumu kama sakafu iliyosiribwa. Tangu hapo mvua haiingii tena kwa urahisi. Mkulima aliyeona maji yakipita mbio mlangoni pake jioni, na asubuhi yake akachimba kwa jembe akakuta vumbi chini ya shubiri moja, hakurogwa na mtu. Kisa ni gamba hilo.

Tena yafaa ijulikane kwamba mvua inayoharibu zaidi huwa ni ile ya kwanza. Mwezi wa Oktoba unapokwisha, shamba limekaa wazi tangu mavuno, mabua yamelishwa ng'ombe, na majani ya malishoni yamekwanguliwa na mbuzi hata mizizi yaonekana. Mvua ya vuli huiangukia ardhi iliyo uchi, na mara nyingi huja kwa nguvu, kwa dhoruba ya saa moja au mbili. Udongo unaochukuliwa siku hizo chache waweza kuzidi ule unaochukuliwa siku zote zilizobaki za msimu, wakati mahindi na kunde zimekwisha kutandaza majani.

Sasa na itazamwe kazi ya mmea. Jani hulipokea tone likalivunja nguvu, likalidondosha taratibu. Majani makavu yaliyolala chini huyapunguza maji mwendo. Mizizi hupasua udongo, na mzizi ukifa na kuoza huacha nyuma yake mfereji mwembamba ambao maji huufuata. Mchwa, ambao wakulima huwachukia kwa sababu nzuri, huchimba njia nyingi kuliko jembe lolote, na nyungunyungu vivyo hivyo palipo na unyevu. Mbaazi hushusha mizizi yake mbali kuliko mahindi, na kwenye mizizi hiyo mna vifundo vyenye vijidudu vinavyotwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kwa hiyo shamba lililochanganywa mahindi, mbaazi na kunde, kama akina mama wa Ukambani walivyolichanganya tangu zamani bila kuambiwa na Bwana Shamba, si shamba la mtu asiyejua kupanga mistari. Udongo hupewa kivuli, hupewa mbolea, na hutobolewa njia za maji, yote kwa mara moja. Mmea hutengeneza udongo, na udongo nao humtunzia mmea maji; ukikata kipande kimoja cha duara hilo, duara lote hulegea.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye kushuka mteremko kwa miguu hulitambua hata asipokuwa na elimu ya shule. Juu kilimani udongo ni mwekundu na mwembamba, mawe yakichungulia. Katikati ni mzito kidogo, tena hudhurungi. Chini kabisa ni mweusi au wa kijivu, wenye kunata katika mvua na kupasuka katika kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanganyika, aliyaandika hayo katika miaka ya 1930, akaufananisha udongo wa mteremko na mnyororo unaoning'inia kati ya vilele viwili, kila pete ikishikana na mwenzake. Neno la Kilatini alilolichagua kwa mnyororo huo, yaani katena, sasa latumika katika vitabu vya udongo duniani kote, na chanzo chake ni Afrika Mashariki. Wasukuma walikuwa na majina yao kwa kila pete ya mnyororo huo kabla Milne hajafika, nao walijua zao la kupanda katika kila moja. Maana ya mnyororo ni kwamba pete ya chini haijitegemei. Rutuba ya bondeni ni mali iliyotoka juu, na maji ya bondeni ni mvua iliyonyeshea juu, ikazama, ikatembea chini kwa chini polepole, hata ikatokeza kama chemchemi.

Hapo bondeni, mahali wanapopanda nduma na kukata majani ya ng'ombe, pana dunia yenye desturi zake. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mimea mingi ikiwekwa hapo mizizi yake hufa kwa kukosa pumzi. Matete na ndago hustahimili kwa sababu mashina yake yana nafasi za hewa ndani, na kupitia humo hewa hushuka mpaka mizizini. Mtu aking'oa ndago katika tope la kijivu ataona mara nyingi mistari ya rangi ya kutu kandokando ya mizizi: hewa iliyoshushwa na mmea imekutana na chuma kilichomo udongoni, ikakitia kutu. Basi hata katika tope la namna hiyo mmea huubadilisha udongo uliouzunguka. Tena, kwa kuwa hewa ni chache, majani yaliyokufa huoza pole sana, yakawa mboji nyeusi inayolimbikizana mwaka baada ya mwaka. Mimea iliyosongamana huyapunguza maji mwendo, na udongo waliouchukua toka juu hutulia hapo. Na vijidudu vya tope hilo hutwaa naitrojeni ya samadi na mbolea iliyosombwa mashambani, wakairudisha hewani, hata maji yatokayo chini ya bonde huwa safi kuliko yalivyoingia.

Wengine husema kinamasi ni kama sifongo. Mfano huo ni mzuri nusu tu. Sifongo lililokwisha kujaa halinywi tena, na lisilotiwa maji halina cha kutoa. Kinamasi hakizai maji. Hupokea, hutunza na kugawa. Kilima kikiacha kunywa mvua, bonde halitakuwa na cha kugawa, hata likizungushiwa ua na kuwekewa mlinzi.

Jinsi kilima kilivyoacha kunywa ni habari ambayo wazee wa Machakos waliisimulia kwa uchungu. Katika miaka ya 1930 wilaya ilikuwa na watu karibu robo milioni, na mipaka iliyowekwa na serikali ya kikoloni iliwazuia kuhamia nyanda zilizokuwa malisho yao ya zamani. Ng'ombe walijazana mahali pamoja, nzige na ukame wakaja, na makorongo yakafunguka katika vilima. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali wa kuhifadhi ardhi, aliandika taarifa iliyoitabiria nchi hii kugeuka mawe na mchanga mtupu. Mwaka uliofuata serikali ikatwaa ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza idadi yao. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba wengi, wanaume kwa wanawake, wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kudai mifugo yao. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa ng'ombe kwa nguvu. Maher hakukosea kuhusu makorongo. Alilolikosea ni watu, kwa kuwa alidhani hawawezi kuiponya nchi yao wenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulikuja mpango mkubwa wa kuendeleza ardhi uliojulikana kwa jina la ALDEV. Kazi nyingi za mwanzo zilifanywa kwa amri, na kazi ya amri ina kawaida ya kubomoka mwenye amri akienda zake. Mambo yalibadilika pale watu walipochimba kwa mwethya, yaani kwa vikundi vyao vya kusaidiana, wakiwachagua viongozi wao wenyewe, na wengi katika wachimbaji hao walikuwa wanawake. Kahawa nayo iliporuhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Machakos katika miaka ya 1950, ilipandwa juu ya ngazi zilizochongwa vizuri, na mwenye ngazi akaona fedha yake. Mtindo ulioenea kuliko yote ni ule wa kuchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Watu waliuita fanya juu, na jina hilo limesafiri mbali: wataalamu wa nchi za ng'ambo huliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza, bila kulitafsiri. Ukingo wa tuta hupandwa majani ya makarikari au matete ya kulisha ng'ombe. Mizizi hulishika tuta, ng'ombe hula majani, na samadi hurudi shambani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu nchi hii, wakionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wamekaribia milioni moja na laki nne mwaka 1990, na bado ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko ile ya miaka ya 1930.

Hata hivyo hasara iliyokwisha kutendeka haikupotea bila kuandikwa. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za tumbawe kubwa la bahari ya Malindi, lenye umri wa miaka mia tatu hivi. Tumbawe hujiongezea tabaka kila mwaka kama mti, na udongo unaoletwa na Mto Sabaki huacha dalili ndani ya tabaka hizo. Katika tabaka za miaka ya 1700 na 1800 dalili za udongo zilikuwa chache. Tangu miaka ya mwanzo ya 1900 zikapanda sana. Udongo wa Ukambani na wa nchi nyingine zinazomwaga maji katika mto huo umehesabiwa huko baharini, mahali ambapo wakulima wengi wa Mumbuni hawajafika hata mara moja. Karibu zaidi na nyumbani, bwawa la Maruba lililojengwa kuupatia mji wa Machakos maji lilijaa tope kwa miaka, hata ikabidi litengenezwe upya.

Mchanga nao una habari yake. Mchanga mnene uliosombwa toka vilimani hulala katika vitanda vya mito ya msimu, na maji hujificha ndani yake, mbali na jua. Katika mchanga mzuri, robo ya ujazo au zaidi yaweza kuwa maji. Ndiyo sababu watu huchimba visima katika mto uliokauka, na ndiyo sababu mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa kukatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake, yameenea Ukambani tangu miaka ya 1950. Hapo hasara ya kilima imegeuzwa faida, ingawa ukuta huo hautasaidia sana ikiwa mashamba ya juu yanateremsha tope laini badala ya mchanga. Lakini malori yakija usiku kuchukua mchanga wa kujengea Nairobi, mto hubaki mwamba mtupu, mvua ikinyesha maji hupita siku hiyo hiyo, na visima vya kandokando hushuka. Yule auzaye mchanga hupata fedha mara moja. Jirani yake hupoteza kisima, na hakuulizwa.

Shauri linalogawanya nyumba nyingi kuliko hilo, hata hivyo, ni la mikaratusi. Mazungumzo yake ni ya namna moja karibu kila mahali. Kijana aliyepata kazi mjini hurudi mwezi wa Desemba, akaitazama sehemu ya majimaji iliyo chini ya shamba la mama yake, akaona ni ardhi isiyo na kazi.

"Mama, hizi nduma zakuletea shilingi ngapi kwa mwaka? Nguzo za mkaratusi hununuliwa zikiwa bado zimesimama."

"Mimi sizihesabu kwa shilingi, mwanangu. Mwezi wa Septemba ukoo huu wote huchota maji wapi?"

Kijana hana nia mbaya. Ada za shule ni kweli, na mkaratusi hukua upesi kuliko mti wowote wa kienyeji. Amesikia pia, tena kwa miaka mingi, kwamba miti huleta maji. Basi kwa nini aambiwe kwamba miti yake itayamaliza?

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu, kwa kuwa maneno yanayosemwa katika mikutano huenda mbali kuliko ukweli. Tangu mwaka 1958, kwa muda wa miaka kumi, watafiti wa Afrika Mashariki walipima maji ya mabonde mawili huko Mbeya, moja la msitu wa asili na jingine lililolimwa na wakulima wadogo. Utafiti wa namna hiyo ulisimamiwa na H. C. Pereira na wenzake, nao ulifanywa pia Kericho na Kimakia. Huko Mbeya bonde lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi kijitoni, hata wakati wa kiangazi. Wengi walioyasikia matokeo hayo walishangaa, lakini sababu yake yaeleweka. Msitu wa kijani hunywa mwaka mzima, mahindi hunywa miezi michache. Na udongo wa Mbeya, uliotokana na majivu ya volkano, ni mwepesi kunywa hata ukilimwa. Mvua ilizama vilevile, na wanywaji walikuwa wachache.

Udongo mwekundu wa Mumbuni si wa majivu ya volkano. Ukivuliwa nguo hufanya gamba, na mvua haizami. Kwa hiyo matokeo ya Mbeya hayampi mtu ruhusa ya kukiacha kilima cha Iveti uchi. Yanamfundisha kwamba maswali ni mawili, wala si moja. La kwanza, je, udongo utainywa mvua? La pili, mmea utachukua kiasi gani cha maji yaliyozama? Mti juu ya mteremko wenye mawe hulijibu swali la kwanza vizuri, na katika la pili hujizuia wenyewe, kwa sababu huko maji ni machache. Mkaratusi huohuo ukipandwa kwenye tope la chemchemi hauna wa kuuzuia. Mizizi iko majini, majani ni mabichi mwaka mzima, na kila siku ya jua maji hupanda hewani. Chini ya mikaratusi iliyosongamana ndago na matete hupungua kwa kukosa mwanga na unyevu, hewa huingia katika ile mboji nyeusi, nayo huanza kuoza upesi na kusinyaa. Hivyo mmea mmoja huweza kuubadilisha udongo wa bonde katika muda wa maisha ya mtoto mmoja shuleni, na udongo uliobadilika huwa haushiki maji kama ulivyoyashika mwanzo.

Wazee waliouhifadhi mkuyu kando ya maji, na kukataza shoka katika mathembo, hawakusoma taarifa za Mbeya. Mkuyu nao hunywa maji, wala si kweli kwamba huyavuta toka mbali. Yaelekea huota palipo na maji tayari. Lakini ulikuwa mmoja au miwili, wenye nafasi kubwa katikati, na mti usiokatwa hauachi ardhi wazi.

Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito na katika vinamasi iondolewe, na kanuni zilizotolewa mwaka huohuo zililinda kingo za mito kwa umbali wa mita 6 mpaka 30. Wengine walitii, wengine walingoja waziri mwingine. Amri ina kazi yake, ila katika bonde la Mumbuni mpaka wa mita 30 huweza kumeza nusu ya urithi wa mtu, na haifai kumlaumu kwa ukali mwenye nusu eka. Lililo rahisi kwake ni kuipeleka mikaratusi juu, kwenye kipande cha mawe kisichozaa mahindi, na kuyaacha majimaji kwa nduma na majani ya ng'ombe. Nguzo huchelewa kidogo huko, lakini huzaliwa.

Na yule aliyekwisha kuipanda chini, akakubali kuikata, asitazamie chemchemi kurudi wiki ijayo. Maji ya chini kwa chini husafiri pole, na huenda misimu kadhaa ya mvua ikapita kabla tope halijaonekana. Ndago hutangulia, kisha matete, kama kando yake kulibaki mbegu au mizizi. Kazi ngumu ni visiki. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena mwaka uleule, machipukizi mengi kutoka kisiki kimoja, yakinywa kwa mizizi iliyokwisha kuifahamu njia. Mwenye kutaka vife hana budi kuyakata machipukizi hayo kila yatokeapo, mpaka kisiki kichoke.